Kujaa na Kupwa Sebuleni

Habari kwamba mama amezikwa ilinikuta Quelimane, kwenye mabwawa ya kufugia kambamiti, nikiwa na koleo mkononi. Ndugu yangu aliniambia kwenye simu kwamba mambo yamekwenda vizuri, watu walikuwa wengi, mvua haikunyesha. Nikamshukuru. Nikarudi kwenye mfereji niliokuwa nauzibua, nikaumaliza. Jioni ndipo nilipoona kwamba sina tena mtu wa kunisubiri upande wa kaskazini, na kwa kuwa miguu yangu haikuwahi kujua kukaa, nikaelekea kusini.

Lori la kwanza lilibeba mbata. Nililala juu ya magunia, nikanuka mbata mpaka Maputo. Pale Caia daraja jipya la Zambezi lilikuwa linakaribia kumalizika. Tulivuka chini yake kwa pantoni, na dereva akawa anatazama juu muda wote kama mtu anayepita nje ya nyumba atakayohamia. Baada ya hapo nilipanda chochote kilichosimama. Inchope nililala kwenye kibaraza cha duka la vipuri. Maxixe bahari ilisogea mpaka kando ya barabara, upande wa kushoto, nami nikaitazama mpaka ikaisha. Maputo nikapata kiti kwenye basi dogo la Johannesburg. Mpakani mtu mmoja aligonga muhuri kwenye pasipoti yangu bila kuninyanyulia uso, nasi tukaendelea. Nchi ikaanza kupanda. Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Tulipita michungwa, tukapita milima ya makaa ya mawe, tukapita mabomba makubwa ya mitambo ya umeme yakitoa moshi. Mwanamke wa Xai-Xai alikuwa amelala begani kwangu tangu mpakani, na nilipoteremka bega lilikuwa limekufa ganzi. Nilitembea hivyohivyo mjini, begi kwenye bega lingine, nikisubiri lirudi.

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 2009. Mtu kwenye basi alikuwa ameniambia kwamba nikitaka kusikia Kiswahili niende Fordsburg, kwenye maduka ya Waislamu. Nikaenda. Nilichosikia kwanza ni matusi. Mzee mmoja mwenye kofia ya mkono alikuwa mbele ya duka lake la vitambaa, anagombana na gurudumu la mkokoteni, na matusi aliyolitukana gurudumu lile yalikuwa ya Pemba kabisa.

"Shikamoo," nikamwambia.

Hakugeuka. "Marahaba. Shika huku, inua."

Nikainua. Gurudumu likarudi mahali pake. Ndipo akanitazama.

"Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Tanga watu wavivu. Umetoka wapi na harufu hiyo?"

"Quelimane. Nilikuwa kwenye mabwawa ya kambamiti. Nilikuwa nashughulika na pampu."

"Pampu za maji gani?"

"Maji ya chumvi."

Alifunga duka kabla ya adhuhuri, jambo ambalo, nilikuja kujua, hakulifanya hata siku ya msiba. Akanipeleka nyumbani kwake, mitaa miwili nyuma, akanionyesha tangi la kioo sebuleni, refu kama kitanda, na mke wake ameketi mbele yake kwenye kiti cha mkono, viganja vimeziba masikio.

Bibi alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Mwili ulirudi, maneno hayakurudi. Alikuwa akizunguka nyumba siku nzima akigusa kuta, na chakula alikikataa mpaka alishwe kama mtoto. Siku moja, kwenye chumba cha kusubiria cha daktari, kulikuwa na tangi dogo la samaki. Bibi aliketi mbele yake akatulia, akachukua biskuti kutoka mkononi mwa mumewe, akaila mwenyewe. Mzee aliporudi nyumbani alianza kutafuta tangi. Alilipata la mitumba, kubwa, lenye matumbawe hai ndani, mali ya mtu aliyekuwa anahama nchi. Likaletwa na watu wanne, likajazwa, pampu zikawashwa. Zilikuwa mbili, kuukuu, zimejaa magamba ya chokaa, zikinguruma kama mashine ya kusaga. Bibi aliziba masikio, akasema neno lake la kwanza tangu kiharusi.

"Zima."

"Unaona?" Mzee aliniambia. "Amesema. Lakini nikizima, matumbawe yanakufa. Nikiwasha, yeye haketi. Nitafutie pampu."

Nilipewa chumba cha uani.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nililijua wiki ileile binti yao alipokuja kutoka Durban. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mtumishi wa benki, amekulia Fordsburg. Kiswahili alikielewa chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na Kiswahili alikitoa pale tu alipotaka baba yake asipate pa kukwepea. Alimtazama mama yake, akalitazama tangi, akanitazama na mimi.

"Mama anahitaji mtu wa kumtazama," alisema, "siyo samaki wa kutazama."

"Atakula mbele ya hili tangi," baba yake akajibu. "Kwako Durban atakula mbele ya nini?"

Wakakubaliana mbele yangu, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine cha kukubaliania. Maadamu mama anakula na hapati madhara, atabaki. Siku atakapopotea au kuumia, binti atakuja kumchukua, na baba hatasema neno. Mzee aliitikia kwa kichwa. Wakapeana mkono kama wafanyabiashara.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa pampu. Mtu asiyelijua tangi la matumbawe hudhani pampu ni ya kusafisha maji. Kuna inayopeleka maji kwenye kichujio, hiyo ni kweli, lakini mimi nilitafuta zile nyingine, zinazowekwa ndani kwenye kioo ili maji yazunguke. Tumbawe halina miguu. Chakula na hewa vinalifuata kwa mkondo, na uchafu wake unaondoka kwa mkondo. Mkondo ukiwa mdogo, takataka zinakaa kwenye mchanga na utando mwekundu unafunika mawe. Ukiwa mkali wa upande mmoja, unalichuna tumbawe nyama. Unachotaka ni maji yanayogongana na kuyumba, yenye nguvu lakini yasiyo na mwelekeo mmoja. Quelimane nilijua kusukuma maji mengi kwenda mahali pamoja. Hili lilikuwa jambo jingine.

Lakini kabla sijapata pampu, Mzee alipata dawa yake mwenyewe. "Kwetu," alisema, "maji makubwa ya bamvua yakipwa, mwamba unabaki mkavu mpaka unatembea juu yake kwa miguu. Matumbawe yanakaa juani saa nyingi. Yanakufa?"

"Hayafi."

"Basi tutayapa maji ya kupwa. Bibi akiketi, tunazima. Akiondoka, maji yanajaa."

Ilionekana sawa kwangu. Mtu yeyote aliyezaliwa pwani ingeonekana sawa kwake. Tukawa tunazima asubuhi mpaka alasiri, na Bibi aliketi, akala. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba pale mwambani samaki huondoka na maji, na kwamba kwenye kioo wamebaki wote wanavuta hewa ileile. Samaki mmoja, kangaja, alikuwa wa kwanza kupanda juu na kuachama mdomo. Kisha tumbawe la matawi likaanza kuwa jeupe kutoka chini. Baada ya majuma machache utando mwekundu ulikuwa umepanda mpaka nusu ya mawe. Mzee aliutoa kwa mswaki, ukarudi. Bibi alikuwa akitazama mawe mekundu na kusinzia, na chakula kikaanza tena kubaki kwenye sahani.

Nikaanza kwenda Kensington. Kulikuwa na duka la samaki kwenye barabara kuu, baina ya kinyozi na fundi wa redio, na muuzaji wake alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi aliyewahi kuwa fundi cherehani. Alivaa futi ya kupimia nguo shingoni mpaka wakati ule, akipimia matangi. Aliweka pampu kwenye ndoo, akawasha, nami nikainama na sikio karibu na maji.

"Ndugu," akaniambia, "unatafuta pompe ama unatafuta mchumba? Miye hata bibi yangu sijamusikiliza hivi."

"Inalia."

"Pompe yote inalia. Hata samaki analia, ni vile iko mu maji hatumusikie."

Ya kwanza tuliyonunua kwake ilikuwa ndogo na kali. Alisema ina nguvu ya kutoa dawa ya meno kwenye mdomo wa samaki, na hakudanganya. Ilichimba shimo kwenye mchanga mpaka kioo cha chini kikaonekana, ikapeperusha tumbawe laini moja likakwama nyuma ya jiwe. Nayo ilikuwa na sauti nyembamba, isiyokoma. Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia na mtaa mzima ulikuwa unapuliza vuvuzela, lakini Bibi aliisikia ile, akaziba masikio.

Ya pili ilikuwa ya aina ambayo mota inakaa nje ya kioo na pangaboi inakaa ndani, zimeshikana kwa sumaku. Niliipenda. Hakuna waya ndani ya maji, hakuna joto. Ukisimama mbele ya tangi husikii kitu. Bibi aliketi, akatazama, sisi tukapumua. Kisha akanyoosha mkono akaweka kiganja kwenye kioo, akauondoa haraka kana kwamba ameungua. Mota ile ilikuwa inatetemesha kioo, kioo kinatetemesha meza, meza inatetemesha sakafu ya mbao. Niliweka mpira chini ya miguu ya meza. Niliweka sifongo. Bibi hakuketi tena mpaka tulipoiondoa.

"Mke wa Papa iko na masikio mu mikono," Mkongomani alisema nilipoirudisha. Hakucheka sana. Alikuna kichwa. "Sikia. Yote munanunua ndogo, inakimbia sana. Gari ndogo kwenye mlima inalia. Chukua kubwa. Mbili. Kubwa kuliko tangi. Halafu uzitembeze polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kama gari ya maiti."

Zilichukua muda kufika, maana aina hiyo ilikuwa mpya wakati ule, ya umeme mdogo unaopita kwanza kwenye kisanduku chenye vitufe. Kwa kisanduku hicho unaweza kuipunguza pampu mpaka panga zake uzihesabu kwa macho, unaweza kuiambia isukume na kupumzika, na mbili unaweza kuzipokezanisha. Mkongomani mwenyewe alikuja kuzifunga. Mzee alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Inaweza kupwa?" akauliza.

"Inaweza yote, Papa, isipokuwa chai."

Tuliziweka pande mbili za tangi, zimeelekezana ila si sawasawa, ili mikondo ikutane katikati na kuvunjika. Tukaziendesha chini ya nusu ya nguvu yake. Nilisikiliza juu, nikasikiliza ubavuni, nikalaza sikio kwenye sakafu. Kimya. Tumbawe moja kubwa linalofanana na uyoga lilifungua vidole vyake, vikaanza kuyumba, kwenda, kurudi. Bibi aliweka kiganja kwenye kioo na akakiacha hapo.

Najua kwamba siku ile ilikuwa ya furaha kwa sababu Mzee alituchinjia kuku. Mimi nilikula, nikaosha sahani, nikaenda chumbani kwangu uani. Nilikuwa nimeishi hapo kwa zaidi ya miaka mitatu na ukutani hapakuwa na hata msumari wa kutundikia shati. Nilifikiria barabara ya Tanga kwenda Pangani, miti yake mmoja mmoja, mpaka nikalala. Nilifanya hivyo kila siku, na haikuniuma wala haikuniponya.

Utando mwekundu ulikwisha wenyewe. Kila mwezi niliziondoa pampu, moja baada ya nyingine, nikaziloweka kwenye siki mpaka chokaa ikatoka kwa mapovu. Bibi aliketi mbele ya tangi asubuhi na alasiri, akala kwa mkono wake. Binti alikuja, akaona, akakagua mikono ya mama yake kama mtu anayenunua embe, akarudi Durban bila neno.

Ilikuwa inatosha. Lakini Mzee alikuwa na kile kisanduku. Alikuwa mtu aliyekaa zaidi ya miaka thelathini mahali ambapo maji hayaendi popote, na sasa amepata vitufe. Kila akitoka msikitini alfajiri alitazama mwezi, akahesabu siku zake kwenye viungo vya vidole kama alivyofundishwa utotoni, akajua bahari ya kwao imefika wapi. Kisha anakuja kuamuru maji ya tangi yafuate. Mwezi mpevu na mwezi mchanga, bamvua: asubuhi maji yanalegea kidogo kidogo mpaka karibu na saa tano yanakaribia kusimama, kisha adhuhuri yanaanza kuingia, yanaongezeka, mpaka alasiri tangi zima linacheza. Siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, mwendo wa wastani. Safari hii pampu hazikuzimwa kabisa, samaki hawakukosa hewa, na matumbawe, lazima niseme, yalipendeza kuliko wakati wowote. Mkongomani aliyaona akasema hajaona rangi kama zile mjini.

Siku za bamvua Bibi alianza kusema.

Kwanza alitaja vitu. Maji yalipolegea aliinama kwenye kiti akasema, "Chaza." Akasema, "Pweza yule, tundu lile." Alipokuwa msichana alikuwa akishuka mwambani na wanawake wa kwao bamvua ikipwa, kikapu kichwani na chuma cha kuchokolea mkononi. Mzee alikuwa analia, uso umelowa, na huku anacheka. Alimpigia simu binti yake hapohapo.

"Mama yako anazungumza."

Nilisikia sauti ya binti ikiuliza anasema nini.

"Anasema pweza."

Halafu maji yalianza kujaa. Bibi aliviona vile vidole vya tumbawe vikilala upande mmoja, na uso wake ukabadilika. Akakusanya biskuti zilizokuwa mapajani, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasimama. "Twendeni," akasema. "Maji hayo." Akatembea mpaka mlangoni, miguu akiinyanyua juu, akiiweka kwa uangalifu, kama mtu anayekwepa mashokoro, wadudu wa baharini wenye miiba mwili mzima. Mzee alimshika mkono, akamzungusha uani mara mbili tatu, akamrudisha. Bibi alikuwa ameshasahau.

Ikawa hivyo kila bamvua. Kila mtu aliyelelewa pwani anajua kwamba mwambani hukai maji yakigeuka. Yanapita nyuma yako kwanza, kwenye mfereji, na ukija kushtuka umekatwa.

"Mzee," nilimwambia, "tuyaache maji yaende sawasawa siku nzima. Atakaa."

"Atakaa na atanyamaza."

"Alikuwa anakula."

"Na mbuzi anakula." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wewe humjui. Mimi nimemwoa mwanamke mwenye maneno. Miaka minne nimeishi na mtu anayegusa kuta. Sasa mara mbili kwa mwezi anarudi, ananiambia twende. Unataka nimfungie?"

Nilikwenda nikatazama pampu. Zilikuwa zinafanya zilichoambiwa zifanye.

Tukaweka utaratibu. Siku za bamvua Mzee alifunga duka adhuhuri, akaja akaketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Akisafiri, naketi mimi. Utaratibu ulifanya kazi muda mrefu. Ulishindwa kwa sababu bamvua moja iliangukia Ijumaa, na Mzee alikuwa msikitini, na mimi nilikuwa Kensington kufuata mhimili mpya wa pampu, maana ule wa zamani ulikuwa umeanza kulika. Jirani mwanamke, aliyeombwa kumwangalia Bibi, alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Alikuwa amefunga mlango. Hakujua kwamba Bibi anajua kufungua komeo. Hakuna aliyejua.

Nilirudi nikamkuta mwanamke wa Kirundi sebuleni, yule aliyeuza kadi za simu na njugu pale kwenye robot, taa za kuongozea magari, za barabara kubwa. Alikuwa amemshika Bibi mkono. Kanga ya Bibi ilikuwa imepandishwa juu ya magoti na kufungwa kiunoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umechubuka kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo. Kioo cha pembeni cha gari kilikuwa kimempitia.

"Alikuwa katikati ya barabara," yule mwanamke alisema. "Magari yanapiga honi, yeye anachagua pa kukanyaga. Nikamfuata. Nikamwambia mama, hapa hakuna maji. Akanishika mkono, akasema na wewe twende, usibaki."

"Mkamaliza kuvuka?"

"Tulivuka. Nilimwona amefurahi tulipofika ng'ambo, ndipo nikamgeuza." Akamtazama Bibi. "Eish, ana nguvu huyu mama."

Mzee aliingia na viatu. Aliona mkono, akaona kanga. Aliketi chini pale alipokuwa. Jirani alikuwa analia jikoni na sambusa zimeungua. Mimi nilikwenda kwenye kisanduku, nikayatuliza maji, kisha nikatafuta dawa ya kidonda.

Mzee mwenyewe alimpigia simu binti yake. Nilimsikia akisema, "Ameumia," na baada ya hapo hakusema kitu, kama walivyokubaliana.

Binti alifika kesho yake. Alisimama mbele ya tangi, akaniuliza kwa Kiswahili kwa nini siku nyingine maji yanakwenda kasi na siku nyingine polepole. Nikamtazama baba yake. Baba yake akamweleza: mwezi, bamvua, mwamba wa kwao, saa za wanawake kushuka na saa za kupanda. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza mtu kitu alichokifanya kwa mikono yake. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba," alisema, "mimi sijawahi kwenda Pemba. Hujawahi kunipeleka."

"Duka—"

"Najua duka."

Akaenda kufungasha nguo za mama yake. Bibi aliingia kwenye gari bila shida yoyote. Maji ya tangi yalikuwa bado yametulia, kama nilivyoyaacha jana yake. Alipofungwa mkanda aliugusa kwa vidole, akautazama, akautazama tena. Mzee alisimama kwenye lango mpaka gari likapita robot, kisha akaingia ndani na kuketi kwenye kiti cha mkono.

Kwa muda aliendelea kuhesabu mwezi na kuamuru maji. Nilimtii. Bamvua ilikuja, ikapwa, ikajaa mbele ya mtu asiyesema lolote, ikapita. Bamvua iliyofuata hakuamuru. Akaniambia nimtafutie mnunuzi.

Mkongomani alimleta mtu na mkewe kutoka vitongoji vya kaskazini. Tulitoa matumbawe, tukayaweka kwenye ndoo, kila moja kwenye maji yake, tukawavua samaki. Kangaja alitusumbua asubuhi nzima.

"Na pompe?" Mkongomani akauliza. "Hizi bakuniachilie miye. Miye nazijua."

"Zinakwenda na tangi," nikamwambia.

"Basi umwambie huyu bwana asikimbize. Watu wa pesa banapenda kukimbiza."

Nilimwambia yule bwana. Alisema sharp, akanyanyua dole gumba, nami nikaona kwamba hakusikia. Lilipoondoka tangi, sakafu ilibaki na mstatili wa rangi nyeusi zaidi pale meza ilipokuwa. Mzee aliuza duka kwa Mgujarati jirani, akafungasha sanduku moja.

"Twende Durban," aliniambia. "Binti ana nyumba inatazama bahari. Kuna chumba."

"Nitakuja," nikasema, na sote tulijua kwamba sitakwenda. Alinishika mkono muda mrefu. Nilikuwa nimekaa naye miaka mitano na kitu, muda mrefu kuliko mahali popote tangu nilipotoka kwetu. Nilisubiri nihisi jambo. Nilihisi kwamba mkono wake ulikuwa mkavu.

Niliondoka Johannesburg mwaka 2014, mwezi mmoja baada yake. Nilikabidhi ufunguo wa chumba cha uani kwa mwenye nyumba aliyekuwa amempangisha Mzee, nikaenda stesheni, nikakata tiketi ya Lusaka kwa kuwa basi lake ndilo lililokuwa na nafasi. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi simu ilipolia.

"Uko wapi?" Mzee akauliza.

"Stesheni. Naenda Lusaka."

"Lusaka kuna nini?"

"Sijui."

Alikohoa. Nyuma yake nilisikia upepo, na watoto.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anakula. Binti amemwekea mtu mchana, msichana mwema tu."

"Na bahari?"

"Iko pale, ukivuka barabara. Nilimchukua siku ya kwanza, tukashuka mpaka mchangani, nimemshika hivi. Nilikuwa nimehesabu. Maji yalikuwa yanajaa." Upepo ulivuma kwenye simu. "Yalifika miguuni akarudi nyuma. Basi."

"Hakusema?"

"Hakusema. Namshusha kila bamvua. Tunasimama pale mpaka nguo zinalowa, watu wanatutazama. Nangoja aniambie twende." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayezungumzia bei ya kanga. "Wewe uliziona zile pampu. Zilikuwa na kitu gani ambacho hii haina?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu, na nilikuwa na mambo mengi ninayoyajua kuhusu pampu.

"Mzee," nikasema, "basi langu linaitwa."

"Nenda salama, mwanangu."

Lilikuwa halijaitwa. Nilikaa pale na simu mkononi mpaka lilipoitwa kweli.